Chumvi Ilitangulia Mafuta

Vitabu vingi vya biolojia huanzisha historia ya utando wa seli mwaka 1925, mjini Leiden, Uholanzi. Evert Gorter na F. Grendel walitoa mafuta kwenye chembe nyekundu za damu, wakayatandaza juu ya maji, wakakuta yanatosha kuzifunika chembe hizo mara mbili. Baadaye hesabu yao ilionekana kuwa na kasoro mbili zilizofutana: mafuta hayakutoka yote, na eneo la chembe lilipunjwa. Wanaosema walibahatisha tu siwaafiki. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba kabla yao hapakuwa na kitu.

Alikuwapo Sydney Ringer, daktari wa London. Mwaka 1882 alieleza jinsi moyo wa chura uliotolewa mwilini unavyoendelea kupiga ndani ya maji ya chumvi. Mwaka uliofuata akatangaza waziwazi kwamba maji yale hayakuwa yamekenekwa kama alivyodhani; yalikuwa ya bomba, ya kampuni ya New River. Alipotumia yaliyokenekwa kweli, moyo ulidhoofika hadi ukasimama. Akatia kalsiamu kidogo, ukapiga. Ni kweli kwamba moyoni kalsiamu ina kazi nyingine isiyo ya utando, ya kuuamsha msuli. Lakini swali lilikwisha kufunguliwa: kumbe chumvi si kitu kimoja.

Jibu lenye uzito zaidi lilitoka kwa Jacques Loeb, huko Woods Hole, Marekani, karne ilipokuwa inageuka. Mayai ya Fundulus, samaki wadogo wa pwani, hukua katika maji ya bahari, na hata katika maji yaliyokenekwa. Loeb aliyaweka kwenye sodiamu kloridi tupu yenye ukali wa bahari, yakafa. Alipoongeza kalsiamu kidogo mno, yakaishi. Walioeleza kila jambo kwa shinikizo la osmosi walikwama hapo, kwani shinikizo halikuwa limebadilika kiasi cha kuleta tofauti hiyo. Loeb alishikilia kwamba chumvi hizo mbili kwa pamoja ndizo zinazoimarisha utando. Alifariki mwaka 1924, mwaka mmoja kabla ya Leiden.

Kuanzia mfano wa utando wa Davson na Danielli mwaka 1935 hadi ule wa Singer na Nicolson mwaka 1972, yameandikwa ya kutosha. Leo tunajua kwamba vichwa vya baadhi ya fosfolipidi, mafuta ya utando, vina chaji hasi na husukumana. Kalsiamu, yenye chaji chanya mbili, huvivuta pamoja zaidi kuliko sodiamu. Mikia ya mafuta hayo ikipinda huulegeza utando, kolesteroli huukaza. Mtafiti Evan Evans alifyonza vifuko vya mafuta kwa mrija mwembamba mno, akaona eneo lao huongezeka kwa asilimia chache tu kabla havijapasuka, na kwamba kolesteroli huongeza nguvu inayohitajika kuvipasua.

Lakini utando wa asidi sahili za mafuta, unaodhaniwa kuwa ndio wa seli za kwanza duniani, huharibiwa na kalsiamu na magnesi, kama sabuni inavyogandamana katika maji magumu. Kwa sababu hiyo mtafiti David Deamer anatetea kwamba uhai ulianzia kwenye chemchemi za moto za nchi kavu, si baharini, na mjadala huo haujaisha.