Nani Anavuta Kamba? Mvuto wa Riwaya za Manowari katika Historia

Miaka kadhaa iliyopita, nikifundisha somo la historia ya maendeleo ya jamii, nilimkuta mwanafunzi mmoja akisoma chini ya meza kitabu kilichochakaa. Ilikuwa riwaya ya Kiingereza ya vita vya baharini vya zama za Napoleon. Nilimnyang'anya, nikamkaripia mbele ya wenzake kwamba anapoteza wakati kwa ngano za mabeberu. Usiku nilikifungua kitabu hicho nitafute hoja za kukishambulia. Alfajiri ilinikuta macho, kitabu kimekwisha, na hoja sina. Asubuhi nilimrudishia kitabu chake na kumwomba radhi mbele ya wenzake wale wale.

Kisha niliuliza darasa zima, maana kitabu kilikwisha pita katika mikono mingi kabla sijakikamata: "Unaposoma, wewe ni nani humo merikebuni?" Wote walijibu, "Nahodha," isipokuwa dada mmoja aliyesema yeye ni daktari. Hakuna aliyekuwa baharia. Na mimi mwalimu wao, nikijichunguza kwa haki, usiku ule nilikuwa nahodha vilevile.

Swali hili si dogo. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za dola hiyo hiyo ziliipiga mizinga ikulu ya Zanzibar kwa muda usiofika saa moja, na watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Kwa nini basi mjukuu wa waliopigwa akeshe akimwombea ushindi mpigaji? Kada hawezi kulijibu swali hili kwa kukaripia. Lazima alichambue.

ASILI YA RIWAYA HIZI

Tuanze na msingi wake katika historia. Kati ya mwaka 1793 na 1815, ukiacha mapumziko mafupi ya mwaka 1802 hadi 1803, Uingereza na Ufaransa zilipigana vita vya kugombea soko na makoloni. Manowari za Uingereza zililinda misafara ya meli za biashara, zikiwamo zile zilizobeba sukari kutoka visiwa vya Karibiani, sukari iliyolimwa kwa jasho la watumwa kutoka Afrika. Huo ndio uti wa mgongo wa hadithi zote hizi, ingawa msomaji huonyeshwa matanga tu.

Katika vita hivyo alikuwamo nahodha mmoja, Thomas Cochrane. Mwaka 1801, akiwa na merikebu ndogo iitwayo Speedy, yenye mizinga midogo 14 na watu 54, aliiteka merikebu ya Kihispania El Gamo yenye mizinga 32 na watu zaidi ya 300. Mwaka 1806 kijana wa miaka 14, Frederick Marryat, alianza kazi ya jeshi la maji chini ya Cochrane huyo huyo. Baada ya kuacha utumishi mwaka 1830 Marryat aliishi kwa kalamu, na riwaya yake Mr Midshipman Easy ya mwaka 1836 ilikuwa miongoni mwa vitabu vilivyoweka msingi wa aina hii ya hadithi.

Mwaka 1937, miaka miwili kabla ya Vita Kuu ya Pili, C. S. Forester alimtunga nahodha Hornblower. Mwaka 1970 ilitoka London Master and Commander ya Patrick O'Brian, ambayo pigano lake kubwa limejengwa juu ya tukio lile lile la Speedy. O'Brian alikamilisha riwaya 20 za mfululizo huo kabla ya kufa mwaka 2000. Tuangalie tarehe hizo. Marryat aliandika wakati Uingereza inatawala bahari. Forester alianza wakati utawala huo unatikiswa. O'Brian aliandika wakati makoloni yamekwisha kujitawala. Dola ilipungua, lakini hadithi zake za baharini hazikupungua. Ukuu uliopotea duniani uliendelea kuishi vitabuni.

SIRI YA MVUTO WAKE

Hata hivyo, kusema kwamba riwaya hizi zinaombolezea dola hakutoshi. Kijana wa kwetu hana dola ya kuombolezea, na bado anakesha. Ziko sababu tatu.

Kwanza, riwaya hizi zinaonyesha kazi. Hadithi nyingi za mabwanyenye huanza baada ya kazi kwisha, watu wamekaa sebuleni na chai imekwisha letwa. Katika riwaya za manowari mkate haupatikani mpaka matanga yamepunguzwa, maji ya ngamani yamepigwa bomba, na mzinga umesukumwa mahali pake. Kuigeuza merikebu kubwa dhidi ya upepo kunahitaji mamia ya mikono kuvuta kwa wakati mmoja. Mkono mmoja ukichelewa, wote wako hatarini. Msomaji anayejua kilimo au karakana anaitambua hali hiyo mara moja, naye hupata furaha ya haki kabisa.

Pili, zinaonyesha uamuzi. Zama zile barua ya makao makuu ilichukua wiki au miezi. Nahodha aliyekuwa upande wa pili wa dunia aliamua peke yake, na akikosea alijibu kwa cheo chake au hata kwa shingo yake. Mtu aliyechoshwa na majalada yanayozunguka ofisi kumi bila sahihi anaona mvua imenyesha jangwani.

Tatu, na hapa ndipo ndoana ilipo, zinaahidi kupanda. Hornblower ni mtoto wa daktari asiye na mali. Anaugua kichefuchefu cha bahari, anajitilia shaka, lakini anaishia kuwa amirali. Zaidi ya cheo kulikuwa na ngawira. Meli ya adui ikitekwa iliuzwa na fedha zikagawanywa. Mwezi Oktoba 1799 merikebu mbili za Kihispania, Thetis na Santa Brígida, zilitekwa zikiwa na shehena ya fedha. Kila nahodha alipata pauni zaidi ya 40,000. Kila baharia alipata pauni 182 na ushei. Kwa baharia ule ulikuwa mshahara wa karibu miaka kumi, kwa hiyo alishangilia. Ni wangapi waliosimama kuhesabu kwamba nahodha amechukua fungu la watu zaidi ya 220?

Huo ndio ufundi wa ngawira, na ndio ufundi wa riwaya pia. Kazi ni ya wote, hatari ni ya wote, lakini utukufu unagawanywa kwa kipimo kile kile cha fedha. Mvuta kamba anapewa kidogo kinachotosha kumfanya apige makofi.

MIKONO ILIYOFICHWA

Katika vita vya Trafalgar, tarehe 21 Oktoba 1805, manowari Victory ilikuwa na watu wapatao 820. Dunia inamkumbuka Nelson. Wengi wa mabaharia wa zama hizo walikamatwa kwa nguvu bandarini na vikosi vya serikali, wakapelekwa merikebuni bila kuaga wake zao. Kila mmoja alitengewa inchi 14 za upana wa kutundika kitanda chake cha turubai. Kosa lilijibiwa kwa mjeledi.

Mwezi Aprili 1797 mabaharia wa merikebu 16 huko Spithead, kusini mwa Uingereza, waligoma. Mshahara wa baharia stadi ulikuwa shilingi 24 kwa mwezi, na haukuwa umeongezwa tangu miaka ya 1650. Ratili ya nyama waliyopimiwa ilikuwa na wakia 14 badala ya 16. Walichagua wajumbe wawili kutoka kila merikebu, jumla 32, wakakutana katika merikebu mojawapo. Walidumisha nidhamu, wakamwadhibu mlevi, wakawashusha pwani maofisa wakatili. Wakatangaza kwamba Wafaransa wakitokea, watang'oa nanga na kupigana. Bunge lilipitisha sheria ya kuongeza mshahara, na mfalme akatoa msamaha.

Wahenga wetu walisema, nahodha wengi, chombo huenda mrama. Ni kweli mahali pake. Lakini pale Spithead wajumbe 32 waliendesha merikebu 16, na hazikuenda mrama. Mgomo uliofuata huko Nore, mwezi Mei na Juni, haukuwa na umoja wa namna hiyo. Ulivunjwa, na kiongozi wake Richard Parker alinyongwa tarehe 30 Juni 1797.

Tusidai kwamba fasihi yote ya bahari ilinyamaza. Marryat mwenyewe aliugusa mgomo wa Nore katika The King's Own ya mwaka 1830. Na Mmarekani Herman Melville, aliyetumikia manowari kama baharia wa kawaida, alitoa White-Jacket mwaka 1850, akishambulia adhabu ya mjeledi. Mwaka huo huo Bunge la Marekani liliifuta adhabu hiyo katika jeshi la maji. Marryat alipanda merikebuni kama afisa mwanafunzi. Melville alipanda kama mvuta kamba. Mahali mtu aliposimama kazini panaonekana katika kitabu chake.

MFANO WA ZIWA TANGANYIKA

Msomaji asidhani kwamba mambo haya ni ya mbali. Forester, kabla ya kumtunga Hornblower, alitoa mwaka 1935 riwaya iitwayo The African Queen, ambayo mandhari yake ni Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1914. Katika kurasa za mwanzo Waafrika wa misheni wanazolewa na jeshi la Wajerumani. Baada ya hapo wanabaki Waingereza wawili na mashua yao, wakienda ziwani kuizamisha meli ya adui.

Historia yenyewe ina watu wengi zaidi. Meli Graf von Götzen ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa, ikapakiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma, ikaundwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka huo huo Waingereza walizileta mashua mbili za vita, Mimi na Toutou, kwa reli kutoka Cape Town hadi Katanga. Zilivushwa milima ya Mitumba kwa mitambo ya mvuke, kwa ng'ombe, na kwa mikono ya Waafrika waliofyeka njia na kujenga madaraja. Götzen haikuzamishwa na shujaa yeyote. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwezi Julai 1916 walipokimbia. Iliibuliwa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ikabeba abiria wa ziwa lile kwa miongo mingi.

Riwaya haikuweza kubeba mikono yote hiyo, kwa hiyo iliiondoa mwanzoni. Tunapaswa kuirudisha sisi.

FUNDISHO KWA KADA

Hatari ya riwaya hizi haiko katika bendera ya Uingereza. Bendera ile inaonekana, na mwanafunzi yeyote ataitambua. Hatari iko katika kiti cha nahodha, kwa sababu ndicho kiti ambacho kada anajiandaa kukikalia. Kijana aliyekesha akitoa amri sitahani ataamka kesho ni katibu wa tawi au meneja wa ushirika. Akisahau kuhesabu mikono, ataamini kwamba chombo kinakwenda kwa sauti yake.

Siku hizi siwanyang'anyi wanafunzi riwaya hizo. Nawapa kazi. Achague sura moja ya pigano, aorodheshe kila kazi iliyofanyika, na mbele ya kila kazi aandike jina la aliyeifanya. Orodha huwa ndefu, na upande wa majina hubaki karibu mtupu. Kisha ninamwambia aorodheshe hivyo hivyo kazi za kijiji chake au kiwanda chake, na hapo hana ruhusa ya kuacha nafasi hata moja bila jina.