Utamaduni na Vijana chini ya Wizara Moja: Sera ya Tanzania tangu 1962

Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, Rais Julius Nyerere alilihutubia Bunge na kutangaza wizara mpya, Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alisikitika kwamba wasomi wa wakati ule walijua kucheza rumba, chachacha na twist, lakini wengi wao hawakuwa wamepata hata kusikia habari za gombe sugu, mangala au lele mama. Katika makala haya tunakusudia kuangalia jinsi utamaduni na vijana walivyowekwa pamoja, na jinsi walivyokuja kutenganishwa. Maana wengi wa washarika wetu walilelewa na sera hiyo.

Serikali ilianza kwa kujenga. Kikundi cha Taifa cha Ngoma kiliundwa, vijana wakapelekwa China kujifunza sarakasi, na mwaka 1981, baada ya vikundi vya taifa kuvunjwa, Chuo cha Sanaa kikaanzishwa Bagamoyo. Sindimba ya Wamakonde, iliyokuwa na uhusiano na jando na unyago, ilipandishwa jukwaani ikaenea hata katika shule zilizo mbali sana na Mtwara. Mtoto wa Bukoba akapata kuujua mdundo wa kusini, nayo si faida ndogo. Lakini ngoma iliyomfundisha kijana namna ya kuwa mtu mzima ilibaki kuwa burudani ya kupokelea wageni wa serikali. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 maneno ya nyimbo nayo yalibadilishwa yapate kulisifu Azimio, na wanafunzi wakaghani ngonjera za ujamaa. Kijana alikuwa chombo cha sanaa. Mwenye kuamua aimbe nini alikuwa mwingine.

Hapo historia ya kwaya yatugusa. Uimbaji wa sauti nne ulitoka katika shule za misheni. Chama kiliuchukua, ukawa wa kwaya za siasa mashuleni, viwandani na katika Jeshi la Kujenga Taifa. Basi sanaa iliyokuja na wageni ilihesabiwa kuwa ya taifa kwa kuwa ilisema yaliyotakiwa, hali muziki wa soul, ulioletwa na santuri za Wamarekani weusi, ulipigwa marufuku Dar es Salaam mwaka 1969.

Katazo hilo halikuwa la kwanza. Mnamo Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza tarehe 1 Januari 1969, dhidi ya sketi fupi, nywele za bandia, suruali za kubana na dawa za kuchubua ngozi. Wanawake mjini walisumbuliwa hadharani kwa jina la utamaduni wa Kiafrika. Na katika miaka hiyohiyo serikali iliwashurutisha Wamasai waache lubega, vazi la wazee wao, wavae suruali! Aliyevaa cha kigeni alikosa, na aliyevaa cha kwao alikosa pia. Twaona wazi kwamba kilichotafutwa hapo kilikuwa utii kuliko utamaduni. Wala tusiwanyoshee kidole wanasiasa peke yao, kwani vituo vingi vya misheni viliwahi kuwatenga na ushirika vijana waliokwenda ngomani.

Idara ya utamaduni ilihamishwa kutoka wizara hadi wizara mara nyingi. Baraza la Sanaa la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1984. Sera ya maendeleo ya vijana ya mwaka 1996 ilitoka katika Wizara ya Kazi. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 ilitoka katika Wizara ya Elimu na Utamaduni. Wakati huo vijana wa Dar es Salaam walikwisha kuanza kughani kwa Kiswahili juu ya midundo ya Kimarekani, nao walisikika kwa njia ya redio za watu binafsi zilizoanza mwaka 1994. Muziki huo, bongo fleva, haukuasisiwa na wizara yoyote. Serikali iliusogelea baadaye, na mwaka 2018 baadhi ya nyimbo zake zilifungiwa.