Bei ya Kukataa: Kwa Nini Kinga ya Wanaofanya Biashara ya Ngono Iongozwe na Wao Wenyewe

Kwa muda mrefu wataalamu wa afya ya umma wamelichukulia suala la VVU miongoni mwa wanawake wanaofanya biashara ya ngono kuwa suala la elimu: mwanamke akishaijua hatari, atajikinga. Dhana hiyo husahau kwamba anayevaa kondomu ni mteja. Anayedai itumike anahatarisha ujira wa usiku ule, na akiwa peke yake katika kudai, mteja huhamia mlango wa pili kwa asiyedai. Ujuzi anao, anachokosa ni uwezo wa kukataa bila kulala njaa. Uwezo huo haugawiwi na kliniki, kwa kuwa haumo mikononi mwa mtu mmoja mmoja. Huja pale wote wanapokataa kwa pamoja, na ili wakatae kwa pamoja wanahitaji chama chenye viongozi wanaoaminiwa na wenzao.

Mfano uliochunguzwa sana ni wa Sonagachi, mtaa wa madanguro jijini Kolkata, India. Mwaka 1992 daktari Smarajit Jana alianzisha huko mradi wa kuzuia magonjwa ya zinaa na VVU, akawachukua wanawake wa mtaa wenyewe kuwa waelimishaji rika. Haukupita muda, ajenda ikawaponyoka wataalamu: wanawake walitaka kuzungumzia polisi wala hongo, wakopeshaji wa riba na watoto wao wanaonyanyapaliwa. Mwaka 1995 waliunda chama chao, Durbar Mahila Samanwaya Committee, pamoja na ushirika wa akiba na mikopo uitwao USHA. Kuusajili kulikuwa na kikwazo, maana sheria ya ushirika ya jimbo ilidai wanachama wawe watu wa maadili mema, na wakashauriwa wajiandikishe kama akina mama wa nyumbani. Walikataa, iliyolegeza msimamo ni serikali. Wapo watakaouona huo ukaidi usio na faida kwa afya. Mimi naona kinga yenyewe ilianzia hapo, kwa sababu mwenye akiba, asiyedaiwa na mwenye danguro, ndiye anayeweza kumrudisha mteja mlangoni. Matumizi ya kondomu, ambayo yalikuwa nadra mradi ulipoanza, yalipanda sana katika muongo huo, na maambukizi ya VVU yakabaki chini mno kuliko Mumbai, ambako zaidi ya nusu ya wanawake wa biashara hiyo walikuwa wameambukizwa.

Mkosoaji atasema kulinganisha miji miwili yenye historia tofauti si ushahidi wa chanzo na matokeo, naye ana haki. Ndiyo maana utafiti uliochapishwa mwaka 2004 una uzito: mbinu ya Sonagachi ilipelekwa katika mji mmoja mdogo wa India na mji mwingine ukaachiwa huduma za kawaida. Matumizi ya kondomu yaliongezeka kwa asilimia 39 katika ule wa kwanza na 11 katika wa pili. Sampuli ilikuwa ndogo, lakini mwelekeo uko wazi.

Kwetu, Majengo ya Pumwani jijini Nairobi imechunguzwa na wanasayansi tangu 1985. Utafiti wa mwaka 1986 uliwakuta na virusi asilimia 66 ya wanawake wa kipato cha chini waliopimwa Nairobi. Muuguzi na baadaye profesa Elizabeth Ngugi alionyesha mapema kwamba wanawake wa Majengo, wakishirikishwa kama kundi, hubadili mwenendo wa soko zima. Hata hivyo mtaa huo ulipata umaarufu duniani kwa jambo jingine, yaani wale wachache ambao hawakuambukizwa, na damu yao ikatumika kutafuta chanjo. Sayansi ilichukua mengi Majengo. Sheria ikabaki palepale. Kanuni ya Adhabu ya Kenya huadhibu kuishi kwa mapato ya ukahaba, sheria ndogo za kaunti huwapa askari wa kanjo sababu ya kukamata, na kondomu mkobani imewahi kugeuzwa ushahidi. Jarida la Lancet lilikadiria mwaka 2014, kwa kutumia takwimu za Mombasa na miji mingine miwili, kwamba kuiondoa biashara hii katika jinai kungezuia kati ya asilimia 33 na 46 ya maambukizi mapya katika miaka kumi. Ni makadirio ya kihesabu, si kipimo, lakini yanaonyesha kizuizi kilipo.

Pingamizi zito ni la usafirishaji haramu wa binadamu: je, chama hakitaficha wasichana waliolazimishwa? Hapa pia Kolkata ina jibu. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 Durbar imekuwa na bodi za mitaa, zenye wanachama wake pamoja na wataalamu kutoka nje, zinazowahoji wageni ili kubaini watoto na waliolazimishwa. Msichana mgeni huonekana kwanza na jirani yake, si na polisi. Jirani anayeogopa kukamatwa hatasema neno. Pingamizi la uwakilishi nalikubali zaidi. Viongozi wa vyama mara nyingi ni wa madanguro na mitaa maarufu, huku wanaopata wateja kwa simu wakiachwa nje, na chama kinacholishwa na mfadhili huishia kusema lugha ya mfadhili. Marekani iliposimamisha misaada Januari 2025, vituo vya kuwahudumia wanaofanya biashara ya ngono nchini Kenya vilifunga milango. Dawa yake ni uchaguzi wa mara kwa mara na mfuko wa chama chenyewe, na huo hauwezi kukua iwapo wanachama hutoa faini na hongo kila wiki.

Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya India iliagiza kwamba kondomu isichukuliwe kuwa ushahidi wa kosa. Mabunge ya kaunti zetu hayahitaji kuisubiri mahakama wala Bunge la Taifa: sheria ndogo zinazowakamatisha wanawake hawa waliziandika wao au walizirithi, na wana mamlaka ya kuzifuta. Wazifute, na wanapojadili wawaite mezani wenye chama.