Msomaji wa awali (riwaya ya upelelezi)

Msomaji wa awali ni mtu anayesoma mswada kabla haujachapishwa. Katika riwaya ya upelelezi hana mbadala, kwa kuwa mwandishi tayari anamjua muuaji na hawezi tena kukisia. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyotoka 1960, ilikuwa imeshapita mikononi mwa waamuzi wa shindano la uandishi. Lakini mwandishi wa kisa kinachotokea mkoani Ruvuma, kwa mfano, anahitaji zaidi ya waamuzi. Mshukiwa akidai kwamba usiku wa mbalamwezi alikuwa ziwani na karabai akivua usipa, mvuvi wa Mbamba Bay atamkamata papo hapo, maana uvuvi wa taa hutegemea giza. Mkulima wa kahawa wa Mbinga huenda asigundue, ingawa mashimo ya kilimo cha ngoro anayajua vizuri.

Wapo wanaohofia kwamba maoni mengi huua sauti ya mwandishi. Hofu hiyo ina msingi pale tu mwandishi anapopokea tiba badala ya dalili. Amuulize msomaji alimshuku nani na katika ukurasa upi. Namna ya kurekebisha aamue mwenyewe. Wasomaji wengine wawekwe akiba kwa rasimu ya pili, kwani aliyekwisha kumjua muuaji hawezi kulipima fumbo tena.