BARUA TAKA: HIVI ANWANI YAKO WALIIPATA WAPI?

Mtu usiyemjua anakuandikia kwenye barua pepe yako kwamba umeshinda mamilioni, na bahati nasibu yenyewe hujacheza. Achana na hizo pesa. Jiulize huyu jamaa anwani yako kaitoa wapi.

Rudi nyuma mpaka Marekani, tarehe 3 Mei 1978. Jamaa mmoja wa masoko katika kampuni ya Digital Equipment alitaka kutangaza kompyuta mpya. Mtandao wa wakati ule, ARPANET, ulikuwa wa Wizara ya Ulinzi, na watumiaji walikuwa wachache kiasi kwamba anwani zao zilichapwa kwenye kitabu, kama kile cha simu. Akachagua humo watu karibu 400 wa upande wa magharibi, mwenzake akakaa kuziandika moja moja kwa mkono. Nafasi ya anwani ikajaa, zilizobaki zikamwagikia ndani ya barua yenyewe! Watu walikasirika balaa.

Miaka ya 1990 kazi ya mkono ikaisha. Zikaja programu zinazopita kwenye kurasa za intaneti usiku na mchana zikitafuta alama moja tu, @. Zikiiona, zinabeba kilicho kushoto na kulia kwake. Nyingine hata hazitafuti, zinakisia tu majina ya kawaida na kutuma. Barua isiyorudi, anwani yake inaingia kwenye orodha.

Lakini kuna watu hawakuandika anwani zao popote na bado walipatikana. Mwaka 2003 kijana mmoja, mhandisi wa programu ndani ya kampuni ya AOL, alitumia utambulisho wa mfanyakazi mwenzake kuingia kwenye kumbukumbu za wateja, akazoa majina milioni 92. Na kwa AOL ukishalijua jina la mteja unaongeza @aol.com tu, anwani hiyo tayari. Akamuuzia mtu aliyetaka kutangaza kamari ya mtandaoni, kwa dola 28,000. Piga hesabu mwenyewe: dola moja, majina zaidi ya 3,000. Ndiyo bei mteja aliyouzwa na mtu wa ndani!

Alikamatwa Juni 2004, akiwa na miaka 24. Alipotaka kukiri kosa, jaji kwanza alisita, maana hakuwa na uhakika kama sheria mpya ya barua taka imevunjwa kweli. Agosti 2005 akahukumiwa kifungo cha mwaka mmoja na miezi mitatu. Wakati huo orodha ilikuwa imeshauzwa tena kwa watu wengine.