Tarehe Ndani ya Mbao

Fundi wa magita akifariki leo mahali fulani Ulaya, warithi wake wanaweza kukuta stoo vipande viwili vya mbao vinavyofanana kama mapacha. Vyote ni vya kahawia iliyokolea, vina mistari myeusi, na ukivipiga randa vinatoa harufu tamu. Kimoja wanaweza kukiuza kwa pesa nyingi. Kingine wakithubutu kukiuza, wanaweza kujikuta mahakamani. Kwa jicho huwezi kuvitofautisha, kwa sababu kinachovitenga ni tarehe.

Tarehe hiyo ni 11 Juni 1992. Siku hiyo ulinzi wa juu kabisa wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ulianza kutumika kwa mti wa Brazil ambao wanasayansi huuita Dalbergia nigra. Wabrazil huuita jacarandá-da-Bahia. Usiuchanganye na ule mjakaranda unaomwaga maua ya zambarau kwenye barabara za miji yetu. Huu ni mti wa Msitu wa Atlantiki, na kwa karne kadhaa meli ziliubeba kwenda Ulaya ukawe kabati, kisha piano, kisha magita. Harufu yake na ya ndugu zake ndiyo iliyozipa mbao hizi jina la mbao za waridi.

Brazil yenyewe ilianza kuzuia usafirishaji wa magogo ghafi mwishoni mwa miaka ya 1960, na watengenezaji wa magita wa Marekani wakageukia mbao za jamii hiyo kutoka India. Lakini msitu ulikuwa umekwisha kukatwa vipande vipande. Mkataba ulipofika mwaka 1992, ulikuta mabaki.

Sheria haikurudi nyuma kumwadhibu aliyenunua wakati kununua kulikuwa halali. Mbao iliyopatikana kihalali kabla ya tarehe ile bado inaweza kuuzwa nje, mradi iwe na cheti kinachothibitisha umri wake. Ndani ya Umoja wa Ulaya, hata kumuuzia jirani wa mtaa wa pili kunahitaji cheti. Basi ankara iliyofifia ya mwaka 1975, au daftari la marehemu lenye tarehe na vipimo, likageuka kuwa mali. Mbao nzuri isiyo na karatasi haina soko halali, hata kama mwenyewe anajua kwa hakika kwamba babu yake aliinunua dukani.

Utaratibu huo una haki ndani yake, lakini pia una mlango wa nyuma. Ikiwa mbao ya zamani inaruhusiwa na ya jana imekatazwa, kila mwenye mbao ya jana atatamani kuiita ya zamani.

Madagascar ilionyesha mlango huo unavyotumika. Mwaka 2009, nchi ikiwa katika mtikisiko wa kisiasa, wakataji waliingia katika hifadhi za Masoala na Marojejy kaskazini-mashariki. Serikali ikaruhusu yasafirishwe magogo ambayo, kwa maelezo yake, yalikuwa yamekwisha kukatwa. Misumeno haikunyamaza. Lundo la magogo ya "zamani" lilikuwa likipungua upande mmoja na kujazwa upande mwingine. Marufuku ikatangazwa mwaka 2010, na mwaka 2013 miti hiyo ikaingizwa katika CITES.

Mwaka mmoja baadaye, maofisa wa Singapore walikamata magogo zaidi ya 29,000 kutoka Madagascar. Kesi ilizunguka mahakamani kwa miaka. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani iliwaachia huru washtakiwa, ikiona kwamba shehena ilikuwa ikipita tu na si kuingizwa nchini. Msitu uliotoa magogo yale haukupata chochote katika hukumu ile. Nayo Madagascar ilipoomba iruhusiwe kuuza akiba yake iliyobaki, nchi wanachama zilidai kwanza ijulikane ni magogo mangapi, na yako wapi.

Dai hilo la kuhesabu ndilo kiini cha habari yote hii. Huwezi kuuza cha zamani kwa uaminifu kama hukukihesabu kilipokuwa kipya.

Na hapa hadithi inafika nyumbani, maana mpingo wetu ni wa ukoo huohuo wa Dalbergia. Tangu 2 Januari 2017 ukoo wote uko chini ya CITES, na gogo la mpingo haliwezi kuvuka mpaka bila kibali. Mwaka 2019 masharti yalilegezwa kwa ala za muziki zilizokamilika. Klarineti iliyotengenezwa Ulaya kwa mpingo wa Kusini mwa Tanzania ikawa inasafiri bila kibali hicho, huku gogo lililoizaa likiendelea kukihitaji. Aliye karibu na mti ndiye anayebeba mzigo mkubwa wa karatasi.

Kwa hiyo kilichofanyika Kilwa kina uzito. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliviruhusu vijiji kumiliki na kusimamia misitu iliyo kwenye ardhi yao. Wanakijiji wa Kilwa waliingia porini, wakapima miti, wakaamua ingapi ivunwe na ingapi iachwe. Mwaka 2009 misitu hiyo ilipata cheti cha FSC, cha kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na jamii. Pesa za gogo zikaanza kuingia kijijini badala ya kumalizikia kwa mfanyabiashara.

Mpingo huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia ukubwa wa kuvunwa. Anayeuhesabu leo ukiwa mchanga hatakuwepo siku ya kuuzwa, lakini daftari lake litakuwepo. Miaka mingi ijayo, warithi wa fundi fulani wakifungua stoo na kuuliza kipande hiki kilitoka wapi, jibu litakuwa limeandikwa na mtu wa Kilwa aliyesimama chini ya mti wenyewe, kabla haujaguswa na msumeno.