Diwani Iliyoitia Hofu Serikali ya Ufaransa

Mwaka 1939, Ulaya ikinukia vita, serikali ya Ufaransa ilipiga marufuku diwani moja nyembamba ya mashairi kwa madai kwamba inahatarisha usalama wa taifa. Diwani hiyo ni Pigments. Mtunzi wake, Léon-Gontran Damas, alikuwa kijana mweusi mzaliwa wa Cayenne, Guyana ya Kifaransa.

Damas alisoma sekondari kisiwani Martinique pamoja na Aimé Césaire, kisha wote wawili wakaenda Paris kwa masomo ya juu. Huko wakafahamiana na Msenegali Léopold Sédar Senghor. Makoloni yao yalikuwa mbalimbali, lakini shule zao ziliwafunza jambo moja: kwamba ustaarabu ni wa Ufaransa, na walikotoka hakuna cha kujivunia.

Waliotangulia kulikataa somo hilo ni wanawake. Paulette Nardal wa Martinique na dada zake walikuwa wakikaribisha nyumbani kwao Clamart, pembezoni mwa Paris, watu weusi kutoka Afrika, Karibi na Marekani. Mwaka 1931 Paulette alishiriki kuanzisha jarida la La Revue du monde noir, lililochapishwa kwa Kifaransa na Kiingereza. Tungo za Langston Hughes na Claude McKay, washairi waliovuma Harlem, mtaa wa watu weusi jijini New York, zilitokea humo.

Ndipo mwaka 1935 likaja gazeti la wanafunzi, L'Étudiant noir, na pamoja nalo fikra ya négritude. Damas, Césaire na Senghor walilichukua tusi walilorushiwa mitaani, nègre, wakalifanya jina la fahari yao.

Kati ya hao watatu, Damas ndiye aliyetangulia kutoa diwani. Pigments ilichapishwa mwaka 1937, na dibaji yake iliandikwa na mshairi Robert Desnos. Mashairi yake hayafuati vina wala mizani. Mistari mingine ni neno moja tu, linalorudiwarudiwa kwa mdundo wa jazi. Katika shairi la "Hoquet", yaani kwikwi, mama anamkaripia mwanawe bila kupumzika: namna ya kukaa mezani, sala, Kifaransa safi, masomo ya fidla. Mtoto anataka banjo. Mama hataki hata kuisikia, kwani anaiona haiwafai watu wa hadhi yao. Humo nyumbani, kwenye meza ya chakula, Damas anaonyesha jinsi ukoloni ulivyomfunza mtu mweusi kuionea haya asili yake.

Kilichowakera watawala zaidi ni "Et Cetera", shairi linalowataka askari wa Senegal waanze kwa kuivamia Senegal yenyewe badala ya kwenda kupigana na Wajerumani kwa ajili ya Ufaransa. Inasimuliwa kwamba huko Côte d'Ivoire vijana waliogoma kuandikishwa jeshini walighani tungo za Damas kwa Kibaule.

Baada ya vita Damas alikuwa mbunge wa Guyana katika bunge la Ufaransa, na baadaye akafundisha Chuo Kikuu cha Howard, Washington, mji alikofariki mwaka 1978. Césaire na Senghor wamepewa heshima ya viwanja vya ndege kuitwa kwa majina yao, na vitabu vyao vinasomwa kote duniani. Damas anastahili kusomwa kwa bidii hiyohiyo, kwa kuwa diwani iliyowafungulia wenzake mlango ilikuwa yake.